Chuma Kilichoanguka Thelujini

Ewald Zitzmann hakuwa mdanganyifu. Nalitanguliza hilo kabla sijasema alikuwa nani na alipenda nini, kwa sababu mji wetu wote wa Lauterhain ulimzika juzi ukiamini kwamba mwaka wa tisini na tano alipasha moto vyuma vya chini vya slei ya binti yake, kile kigari cha kutelezea barafuni, ili binti ashinde. Miaka ishirini na minne mji uliamini hivyo. Mimi nilijua kwamba si kweli, na nilinyamaza, nikaendelea kuuza soseji. Basi mshajua mimi ni mtu wa namna gani.

Jina langu Gundula. Nilizaliwa bonde hili hili, nikaolewa humu humu na Lothar Kästner, na Ewald alikuwa jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Alikuwa mrefu, mwembamba, na tangu alipoacha sigara alitafuna mbegu za kisibiti kutwa nzima. Kwetu mbegu hizo hutiwa kwenye mkate, kwa hiyo ukipishana naye ngazini unadhani umepishana na mkate. Yeye na mume wangu walifanya kazi kiwanda kimoja, cha vipimajoto. Lothar alipuliza vioo. Ewald alikuwa mhakiki: kila kipimajoto alikitumbukiza kwenye maji ya barafu, akangoja, akatia alama ya sifuri. Asipokiamini alikivunja palepale. Meneja alimwita Bwana Hasara.

"Wewe Ewald," meneja alimfokea siku moja mbele yetu, "kosa la robo nyuzi nani ataliona?"

"Mimi nimeliona," Ewald akajibu, na akakivunja kingine.

Mkewe, Sieglinde, alifariki binti yao Antje akiwa na miaka kumi. Nikamfundisha Ewald kusuka nywele. Loo, hakuwa na mikono ya kusuka! Mtoto alikwenda shule na kichwa kama kiota cha kunguru, watoto wakimcheka, naye hakumwambia baba yake hata siku moja kwamba wanamcheka. Walipendana wale wawili. Nilikuwa nawasikia ukutani wakiimba wakiosha vyombo, wote wawili sauti mbovu.

Huku kwetu mtoto hajajua kusoma vizuri, ameshajua kulala chali juu ya slei, miguu mbele, akateremka njia ya barafu kwa kasi ya treni. Antje alikuwa na kipaji. Tatizo alikuwa mwepesi, na mzito ndiye anayeteremka haraka. Kanuni inaliona hilo. Inamruhusu mwepesi avae kizibao chenye vipande vya risasi, kwa kipimo maalumu, asizidishe. Ewald alikishona kizibao mwenyewe, akakipima kwenye mizani ya viazi. Siku moja, kwenye mashindano ya watoto, Antje ameshashinda, medali iko shingoni, Ewald akagundua ile mizani ilikuwa imekwama. Kizibao kilizidi kwa uzito wa yai moja. Mtu mwingine angefanya nini? Yeye alimshika mwanawe mkono, akaenda kwa waamuzi, akasema, "Tumezidisha. Chukueni medali." Antje alilia njia nzima. Alipofika nyumbani akaja kwangu, akaniambia, "Shangazi Gundula, baba yangu ni mjinga." Halafu akacheka huku machozi yanatoka, nikaona kwamba anamwonea fahari.

Huyo ndiye mtu tuliyemwita mdanganyifu.

Zamani serikali ililipia kila kitu katika mchezo ule, hata soksi. Ule ukuta uliogawa nchi yetu mbili ulipoanguka tuliambiwa tumekuwa huru, na kwa wazazi wa wachezaji huru maana yake jinunulie. Kiwanda kikafungwa. Ewald na Lothar wakarudi nyumbani siku moja, kila mmoja na sanduku la vitu vyake mkononi, na wala hawakuwa wazee. Watoto waliokuwa kwenye kikosi cha taifa walikuwa na fundi, kocha, na gari la kubebea slei. Antje alikuwa na Ewald. Jioni baada ya jioni mzee alikuwa chumba cha chini ya nyumba na tupa na msasa, anasugua vyuma vya slei mpaka unajiona uso. Kulikuwa na jiko dogo la makaa humo chini, maana baridi ya kule inauma mifupa. Hilo jiko baadaye watu walilisema sana.

Basi jeshi letu lina nafasi za wanamichezo. Unavaa sare, unakula kiapo, halafu kazi yako ni kuteleza kwenye barafu, mshahara unaingia, fundi na kocha juu yao. Mwaka ule nafasi ya msichana upande wetu ilikuwa moja tu, na ilikuwa igawiwe kwa alama za mashindano matano. Baada ya manne Antje alikuwa anaongoza. La tano lilikuwa hapa hapa nyumbani, na alitakiwa amalize hata wa tatu tu. Akikosa, basi. Baba na binti walikuwa wameshakubaliana kwamba akikosa anaacha mchezo, anatafuta kazi, kwa sababu Ewald alikuwa hana tena cha kuuza.

Sasa niseme kanuni ya chuma, kwa sababu yote yamelala hapo. Chuma chenye joto kinateleza upesi zaidi kuliko cha baridi. Kwa hiyo, kabla ya mashindano, chuma kimoja cha akiba kinatundikwa kwenye kulabu pale juu pa kuanzia, kivulini, hewani, kikae saa nzima. Kinapimwa. Hicho ndicho kipimo cha wote. Vyuma vya mchezaji visizidi nyuzi tano juu ya chuma hicho. Vikizidi, ameenguliwa. Hakuna onyo wala samahani.

Mwenye dhamana ya chuma hicho alikuwa mume wangu. Lothar tangu kiwanda kifungwe alikuwa mtu wa kukaa dirishani na soksi zake, akihesabu magari. Lakini siku ya mashindano alinyoa ndevu, akafunga tai ndani ya koti, na watu wakamwita Bwana Kästner. Hakuruhusu mtu aguse kile chuma. Hata mimi. Mwaka mmoja nilikisogelea tu, akanipigia kelele mbele ya watu kama mwizi wa kuku.

Asubuhi ile baridi ya usiku ilikuwa bado imeng'ang'ania ardhini, lakini upepo wa kusini ulikuwa umeanza, hewa inaanza kupata joto. Nilipanda kutoka kwenye kibanda changu cha soseji pale chini na chupa ya chai ya Lothar. Alikuwa ndani, kwenye mkutano wa waamuzi. Nikakuta kulabu ni tupu. Upepo ulikuwa umeangusha chuma, kimelala thelujini, nusu kimezama. Nikatazama huku na huku. Nikakiokota, nikakifuta kwa aproni, nikakitundika. Nikajisemea, Gundula mama, umemwokoa mumeo na aibu leo. Nilifurahi, jamani. Nilirudi pembeni nikasimama na chai yangu, nimejaa wema.

Kama dakika kumi baadaye Lothar akatoka, akapima. Akasoma, akasoma tena. "Saba chini ya sifuri," akamwambia mwandishi wake. "Hee, chuma kimekaza leo." Hewa yenyewe ilikuwa mbili chini tu. Alidhani ni baridi ya usiku, na kanuni inafuata chuma, haifuati hewa. Akaandika saba.

Kwa hiyo, ukiongeza zile nyuzi tano, mwisho wa vyuma vya wachezaji ulikuwa mbili chini ya sifuri.

Wachezaji wengine slei zao zilikuwa zimelazwa kwenye theluji upande wa kivuli. Zikapita zote, nyingine kwa unywele. Ewald hakuwahi kulaza slei ya mwanawe kwenye theluji. Aliogopa kutu. Aliiweka juu ya magogo mawili makavu, akaifunika shuka safi, kama mtoto. Kanuni haikatazi. Antje alikuwa wa mwisho kuanza, na hewa ilikuwa imezidi kupata joto. Lothar akainama na kipimajoto, na nikamwona mgongo wake unakakamaa.

"Moja chini ya sifuri," akasema.

Akapima chuma cha pili. Moja chini.

"Bwana Kästner?" Antje akauliza. Ameshavaa kofia ngumu, ameshaketi.

"Shuka mwanangu," Lothar akasema taratibu. "Umeenguliwa."

Ewald alikuja mbio, anateleza, mbegu za kisibiti zimemwagika kifuani. "Lothar! Pima tena!"

"Nimepima mara mbili."

"Chuma cha mwanangu hakijaona moto. Tangu jana jioni mpaka leo asubuhi kilikuwa bandani, bandani hakuna hata taa!"

"Ewald, kipimajoto unakijua. Wewe mwenyewe ulikihakiki."

Hapo ndipo Ewald aliponaswa. Kweli, kile kipimajoto kilikuwa cha kiwandani kwetu, na alama ya sifuri aliitia yeye. Angesemaje kwamba kinadanganya?

Rufaa ilikuwa inaruhusiwa ndani ya nusu saa. Mwamuzi mkuu, mwanamke mmoja wa kutoka Bavaria, mpole, hakuwa na haraka, akaita wahusika pale pale juu. Akamuuliza Lothar, "Chuma cha kipimo kilikuwa mahali pake muda wote?"

"Muda wote, bibi. Tangu saa moja."

"Kuna aliyekigusa?"

"Hakuna."

Mwamuzi akageuka, akatutazama sisi tuliosimama. "Kuna mtu yeyote aliyeona jambo lolote?"

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Chupa ya chai mkononi. Aproni yangu ilikuwa bado ina doa la maji pale nilipofutia chuma. Nikamtazama Lothar na tai yake. Nikawaza, nikisema, amekwisha. Wataandika kwamba chuma kilianguka yeye hajui, na mkewe akakishika. Watampa kazi mtu mwingine, naye atarudi dirishani mpaka afe. Na nikawaza pia, niseme ukweli, kwamba atanifokea. Ndiyo, hilo nalo lilikuwemo. Mtoto wa watu anapoteza maisha yake na mimi naogopa kufokewa.

Ewald alinitazama. Si kwa kunishuku. Alinitazama kwa kuwa mimi ni jirani yake, anatafuta uso wa kushikilia. Nikatazama chini.

Nusu saa ikaisha. Nafasi akapewa msichana wa bonde la pili, ambaye hakuwa na kosa lolote.

Mji ukaanza. Kwetu hawasemi mbele yako, wanasema ukishapita. Lisemwalo lipo, walisema. Si ana jiko kule chini? Si alikuwa hana kazi, mtoto ndiye tegemeo? Kwenye kibanda changu walisema midomo imejaa soseji, nami nikawa nawapa haradali. "Wewe Gundula uko naye ukuta kwa ukuta, hukusikia kitu?" Nilijibu, "Mimi nisikie nini." Sikusema uongo, eti. Nilijipongeza kwa hilo.

Kilichoniua kilikuwa ule ukuta. Wiki moja baadaye nilimsikia Antje.

"Baba, niambie ukweli nikusamehe. Uliviweka karibu na jiko?"

"Sikugusa moto."

"Basi kipimajoto kinadanganya?"

Nikasikia kiti kinavutwa.

"Baba! Kipimajoto kinadanganya?"

"Hapana," Ewald akasema. "Kipimajoto ni kizuri."

"Basi ni wewe. Ulinivua medali kwa uzito wa yai, mbele ya watu wote, halafu unakuja kunifanyia hivi!"

Mlango ukapigwa. Antje alikwenda mji wa mbali, Kassel, akapata kazi ya kutunza wazee. Akawa anatuma kadi ya Krismasi, mistari miwili. Hakurudi. Siwalaumu wakosaji wengine wowote katika habari hii kwa sababu hakuna mwingine.

Nilimpelekea Ewald supu. Kila Alhamisi supu, Jumapili madonge ya viazi na mchuzi. Watu wakasema Gundula ana roho ya malaika. Ningemwonea Ewald haya hata nusu ya ile niliyomwonea Lothar, ningeitapika kweli yote mbele yake. Badala yake nilimpa supu.

Mwaka wa tatu alikuja kibandani peke yake, hakuna wateja. Akasimama akitafuna mbegu zake.

"Gundula, soseji zako zimekonda kuliko mimi."

"Ukila mbili utanenepa."

Akacheka kidogo. Kisha akasema, "Siku ile. Kile chuma cha Lothar. Kilikuwa kulabuni muda wote?"

"Kiwe wapi tena? Kilikuwa kulabuni."

"Maana nimewaza sana. Hewa mbili chini. Chuma kikae hewani saa nzima kisome saba? Haiwezekani. Nimejaribu nyumbani, nimejaribu mara nyingi. Ni mpaka kilale chini."

"Ewald, hayo yamepita."

"Kwangu hayajapita." Alisubiri. Alikuwa hodari wa kusubiri, ndiyo ilikuwa kazi yake. "Wewe ulikuwepo pale na chai. Kama ungeona, ungesema."

"Ningesema," nikajibu.

"Basi. Kama ni wewe umesema, basi." Akalipa, akanitakia Jumapili njema. Siku ya pili yake alikuja kutengeneza lango letu lililokuwa linalegea, bila kuombwa. Hakuuliza tena mpaka alipokufa.

Tumemzika juzi. Baada ya kaburi tulikwenda ukumbi wa klabu kunywa kahawa na keki, kama ilivyo kwetu. Watu hamsini hivi. Wapo waliomsengenya kwa miaka yote, wanakula keki yake. Antje alikuja. Ana miaka arobaini na tatu, nywele zimeanza mvi, na zimesukwa vizuri. Alikuja moja kwa moja kwangu, akanishika mikono yote miwili.

"Shangazi Gundula. Nimekuta barua zake ambazo hakuzituma. Zote zimekutaja. Supu yako, madonge yako. Asante. Mimi mwanawe nilimwacha, wewe hukumwacha."

Mtu anaweza kuvumilia kuchukiwa. Kushukuriwa vile sikuweza. Nilimvuta pembeni, karibu na makoti yaliyolowa, nikamwambia yote. Nilisema upesi upesi, nikitazama vifungo vya blauzi yake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Yeye aliwahi kukuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ukasemaje?"

"Nikasema kilikuwa kulabuni."

Nilitamani anipige. Hakunipiga. Akasema, "Simama pale mbele uwaambie hawa."

"Antje, mwanangu, Lothar ana miaka themanini na moja. Moyo wake mbovu."

"Baba yangu naye alikuwa na moyo. Nenda."

Nikaenda. Nikagonga kikombe kwa kijiko, watu wakadhani natoa neno la marehemu, wakanyamaza kwa heshima. Nikawaambia. Kulabu, theluji, aproni, nusu saa. Sikulia, sikustahili kulia. Nilipomaliza hakuna aliyetafuna. Aliyekuwa na keki mdomoni aliishikilia hivyo hivyo.

Lothar aliweka uma chini. Hakufoka. "Kilikuwa kimelala muda gani?" akauliza.

"Sijui. Nilikikuta."

"Na mimi nikapima baada ya muda gani?"

"Kama dakika kumi."

Akafumba macho. Namjua, alikuwa anapiga hesabu. Alipofumbua yalikuwa yamejaa maji.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nakulinda, Lothar. Nilidhani watakunyang'anya kazi."

"Wanyang'anye kwa lipi? Chuma kikianguka kinatundikwa upya. Tunangoja, tunapima tena. Mbio zinasogezwa mbele kidogo, basi. Ilishanitokea mara mbili kabla ya pale. Hakuna hata aliyecheka." Alisema polepole, kama anamfundisha mgeni kazi. "Nusu saa tu, Gundula. Ungenong'oneza tu."

Antje alikuwa mlangoni, koti ameshavaa mkono mmoja, na aliyasikia hayo. Akakaa chini pale pale kwenye benchi, katikati ya makoti ya watu, akaanza kumwita baba yake kwa sauti. Watu hamsini tulikuwa ukumbini na hakuna aliyethubutu kumsogelea. Mimi nilikuwa bado nimesimama na kijiko mkononi, sijui pa kukiweka.